"Baridi" au Theluji: Lugha ya Kicho katika Shajara ya Johannes Rebmann, Njia ya Taveta, 1848

1.0 Utangulizi

Mnamo tarehe 11 Mei 1848, yapata saa nne ya asubuhi, msafara mdogo uliotoka Rabai, nyuma ya Mombasa, ulikuwa ukikata nyika iliyo baina ya milima ya Taita na msitu wa Taveta. Ndani yake alikuwamo Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza cha Church Missionary Society, pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wa njia, Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Milima ya Uchaga ilikuwa imeanza kuonekana waziwazi kuliko siku zilizotangulia. Juu ya mmojawapo Rebmann aliona weupe wenye kung'ara, akaudhania kuwa ni wingu. Kiongozi wake aliuita weupe huo kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akakata shauri papo hapo kwamba alichokiona hakiwezi kuwa kitu kingine ila theluji. Baadaye kidogo, walipopumzika chini ya mti, alifungua Biblia yake ya Kiingereza akasoma Zaburi ya 111, akaona kwamba zaburi hiyo imeyatamka bayana yale ambayo moyo wake ulikuwa umeyahisi gizagiza tangu asubuhi.

Kifungu hicho kilichapishwa katika gazeti la Church Missionary Intelligencer mwaka 1849, kikaingizwa tena katika kitabu cha safari cha Ludwig Krapf kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Tangu hapo kimerudiwa mara nyingi mno, aghalabu na waandishi wa historia ya uvumbuzi, ambao hukitumia kujibu swali la nani alikuwa Mzungu wa kwanza kuripoti theluji ya Kilimanjaro. Swali hilo halina haja ya kurejewa hapa. Makala haya yanakichukua kifungu hicho kama matini, na kuuliza jinsi kilivyoundwa: nani anazungumza ndani yake, kwa lugha gani, na neno la nani linapewa uzito.

Hoja inayotetewa ni kwamba mna ndani yake ushahidi wa aina mbili kuhusu mlima mmoja. Mmoja ni wa jicho, nao ni wa Rebmann. Wa pili ni wa mwili, nao umo katika neno la Bwana Kheri. Lugha ya kicho aliyoitumia mmisionari huyo iliupa ushahidi wa kwanza nafasi yote, na kuufanya wa pili uonekane kuwa upungufu wa maarifa. Jambo hili lilikuwa na gharama, kwa maana kwa zaidi ya miaka 10 wanajiografia wa Ulaya walibishana iwapo theluji hiyo ipo au haipo, ilhali neno ambalo lingewasaidia kuamua lilikuwa limeandikwa katika sentensi ileile waliyoibishania.

2.0 Njia na Mahali

Ili kukielewa kifungu chenyewe, ni lazima msomaji aijue njia. Msafara uliondoka Rabai mwishoni mwa Aprili 1848, ukapitia Bura katika nchi ya Taita, ukaelekea magharibi hadi Kilema, kwa Mangi Masaki. Hii haikuwa njia mpya. Ilikuwa njia ya biashara ya pembe za ndovu, iliyokanyagwa na Waswahili wa Mombasa na jirani zao kwa muda mrefu kabla ya mmisionari yeyote kuiona. Bwana Kheri aliijua kwa kuwa alikuwa ameipita. Kusema kwamba alimwongoza Rebmann kwenda mahali pasipojulikana ni kusema jambo lisilo na maana, maana kiongozi hawezi kuongoza asikokujua.

Taveta ndiyo iliyokuwa kituo cha pumziko katika njia hiyo. Mtu atokaye nyika kavu ya Taita huingia ghafla katika msitu mzito unaonyweshwa na mto Lumi, ambao hushuka kutoka upande wa mashariki wa Kilimanjaro na kuishia katika ziwa Jipe. Maji hayo, pamoja na yale ya chemchemi zilizo karibu, asili yake ni mlima uleule. Mvua inyeshayo katika ukanda wa misitu yake hunywewa na ardhi na kutokea chini, mbali na kilele. Wasafiri waliofuata, kama vile Charles New mwaka 1871 na Joseph Thomson mwaka 1883, walipumzika Taveta, nao waliandika kuhusu uzuri wa msitu huo kwa furaha ya watu waliotoka katika kiu. Kwa hiyo kuna namna mbili za kuujua mlima ukiwa Taveta: kwa kuinua macho, na kwa kuteka maji.

Leo Taveta ni mji wa mpakani, nao hali hiyo haikuletwa na mlima wala mto. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalichora mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi ziwa Jipe, kisha ukapita baina ya Taveta na nchi ya Wachaga na kuzunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini kuelekea ziwa Viktoria. Mlima ukaangukia upande wa Wajerumani, Taveta ikabaki upande wa Waingereza. Hadithi ipendwayo na watalii, kwamba Malkia Viktoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima huo kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, haina msingi. Hata hivyo imedumu, labda kwa sababu inasema kwa mzaha jambo ambalo mapatano yalilisema kwa lugha ya kiserikali: kwamba mlima unaweza kugawiwa na watu wasiouishi. Mwezi Agosti 1914 majeshi ya Kijerumani yaliuteka mji huo, na Waingereza wakaurejesha mwezi Machi 1916. Hadi sasa atazamaye Kilimanjaro kutoka Taveta anasimama Kenya na kutazama Tanzania.

Mwaka 1848 mpaka huo haukuwapo, na ni muhimu kulikumbuka hilo, kwa sababu ni rahisi kuisoma shajara ya Rebmann kana kwamba ramani ya 1886 tayari imo mfukoni mwake.

3.0 Muundo wa Kicho

Hisia aliyokuwa nayo Rebmann haina jina moja katika Kiswahili, na pengine ni faida. Kustaajabu ni tendo la jicho na akili mbele ya jambo geni. Taadhima ni heshima apewayo mwenye daraja. Kicho ni hofu iliyochanganyika na heshima, na matumizi yake makubwa ni katika habari za Mungu. Katika falsafa ya Ulaya hisia hizo ziliunganishwa kuwa dhana moja ya ukuu utishao, hasa katika maandishi ya Edmund Burke (1757) na Immanuel Kant (1790), na mfano wake mashuhuri ukawa ni milima mirefu. Watu wa vizazi vya nyuma waliiona milima ya Alpi kuwa kizuizi na hatari. Wajukuu wao waliifuata kwa makusudi ili waitazame.

Rebmann alikuwa mtoto wa urithi huo, lakini kwa njia ya kanisa zaidi kuliko ya falsafa. Alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, miongoni mwa Wakristo waliosisitiza uchaji wa moyo na usomaji wa Biblia wa kila siku. Alisomea kazi yake Basel, mji wa Uswisi, kisha Islington, London. Kwake theluji haikuwa kitu cha ajabu; ilikuwa kitu cha nyumbani. Kilichomshangaza ni kukikuta cha nyumbani mahali asipokitazamia. Wasomaji wengi hulikosa jambo hili. Kicho cha Rebmann si kicho cha mgeni mbele ya kigeni, bali ni cha mgeni aliyekutana ghafla na kitu pekee ambacho, katika nchi ile nzima, yeye alikizoea kuliko wenyeji.

Tukifuata mpangilio wa sentensi zake tunaona hatua zinazofuatana haraka. Kwanza anasema kwamba walilala katika nyika iliyojaa wanyama wakali, chini ya vichaka vya miiba, salama kwa ulinzi wa Mungu. Kisha anadhani ameona wingu. Halafu linakuja neno la kiongozi. Mara moja linafuatwa na yakini: ni theluji. Ndipo yanamwelea masimulizi ya ajabu aliyokuwa amekwisha kuyasikia, ya mlima wenye dhahabu na fedha huko Uchaga. Mwisho ni zaburi. Kutoka katika dhana hadi yakini hakuna hoja hata moja iliyotolewa. Kuna neno la Bwana Kheri tu, nalo limetajwa kama jambo la kuvukwa.

Mary Louise Pratt, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu maandishi ya wasafiri na himaya, ameeleza tabia ya msafiri wa Kizungu kusimama juu ya kilima na kuitazama nchi iliyo chini yake kana kwamba yeye ndiye mwenyewe. Maelezo hayo yamewafaa wahakiki wengi, lakini yakitumiwa hapa bila hadhari yatapotosha. Rebmann hakuwa juu. Alikuwa chini, bondeni, amechoka, yeye mwenyewe hana silaha ila mwavuli wake maarufu, akitazama kitu kilicho juu mno kuliko yeye. Hakuna dalili ya umilikaji katika jicho lake la saa nne. Kilichomnyanyua ni Zaburi. Aya aliyoitaja kuwa imemgusa, ya 6, ina mambo mawili ndani yake: nguvu za Mungu kudhihirishwa kwa watu wake, na watu hao kukabidhiwa urithi wa mataifa mengine. Jambo la kwanza linaafikiana na mlima. Jambo la pili halikutoka mlimani kabisa. Lilitoka katika kazi aliyotumwa kuifanya. Rebmann aliyasoma yote mawili kwa pumzi moja, na kwa kuwa mandhari ilikuwa mbele yake, mandhari ikayabeba yote mawili.

Si haki kumtwisha mapatano ya 1886. Urithi alioufikiria ulikuwa wa roho za watu, na hakuwa mtu wa serikali yoyote. Ila ni haki kusema kwamba aliiandika nchi ile kwa sentensi ambazo mwenye nia nyingine angeweza kuzitumia bila kubadilisha neno.

4.0 Neno la Bwana Kheri

Rebmann aliliandika neno hilo *Beredi*, kama sikio lake lilivyolipokea. Tahajia hiyo isimfanye msomaji afikiri kwamba aliyeandika ni mtu asiyejua lugha. Rebmann alifanya kazi ya lugha kwa miaka mingi. Kamusi ya Kinyasa iliyotoka mwaka 1877 ni yake, na jina lake lipo pamoja na la Krapf katika kamusi ya Kinyika ya mwaka 1887. Kwa hiyo aliyelivuka neno "baridi" ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuyasikiliza maneno.

Baridi kwa Kiswahili ni jina na pia ni kivumishi. Aisemaye "ile ni baridi" aweza kumaanisha kuwa kitu kile ni cha baridi, au kwamba ni baridi yenyewe. Kukiita kitu kwa jina la tendo lake si jambo la ajabu katika lugha hii. Jua ni lile la angani na pia ni joto lake, na ndiyo maana husemwa kwamba jua limemchoma mtu. Upepo ni hewa iendayo, na pia ni pepo amwingiaye mtu. Bwana Kheri hakusema kinavyoonekana kitu kile, kwa sababu kuonekana kwake kulikuwa wazi kwa wote wawili. Alisema kinachofanya.

Hapa ndipo ulipo uzito wa neno lenyewe. Weupe uonekanao kwa mbali waweza kuwa wingu, au mawe meupe, au chumvi, au fedha kama wengine walivyodhani. Jicho pekee haliwezi kuamua. Lakini hakuna ajuaye kwa kutazama kutoka nyikani, penye joto la saa nne, kwamba weupe ule ni baridi. Ni lazima awepo mtu aliyeukaribia, akaguswa nao, akarudi akasema. Neno "baridi" lilikuwa muhtasari wa safari za watu wengine.

Masimulizi ya safari hizo yamo katika shajara yenyewe, kwa hiyo ushahidi haupaswi kutafutwa mbali. Kabla ya kuondoka pwani Rebmann alionywa na mkuu wa serikali mjini Mombasa asiupande mlima ule kwa kuwa umejaa majini. Waliothubutu waliuawa nao, mikono na miguu yao ikakakamaa, na baruti ikakataa kushika moto. Rebmann alilichukua onyo hilo kama ushirikina wa mtu asiyejua habari ya theluji. Hata hivyo, likiondolewa jina la majini, linabaki taarifa sahihi ya yanayompata mtu katika baridi kali na unyevu: viungo kufa ganzi, kukakamaa, kifo, na baruti kuharibika. Katika safari hizo alisimuliwa pia habari za mtawala wa Machame aliyewatuma watu wake wakachunguze kitu king'aacho kileleni. Wengi walikufa, na aliyerudi alirudi na viungo vilivyoharibika. Tena aliambiwa kwamba kitu kile kifananacho na fedha kikiletwa chini huwa maji. Taarifa ya kitu kinachogeuka maji kinapoteremshwa ni majaribio ya kisayansi, hata kama walioyafanya walitazamia kurudi na fedha.

Yafaa kusema kwa insafu kwamba Rebmann aliyauliza na kuyaandika hayo yote. Shajara yake nzima ni ya haki zaidi kuliko kifungu kile kimoja. Katika safari ya pili, iliyoanza Novemba 1848 na kumfikisha Machame, aliueleza mlima kwa utulivu zaidi, akavitofautisha vilele vyake viwili. Kasoro imo katika kifungu cha 11 Mei, na kwa bahati mbaya ndicho kilichosomwa na kila mtu.

Baadhi ya waandishi wamelitumia jibu la Bwana Kheri kuonyesha kwamba Kiswahili hakikuwa na neno la theluji. Hoja hii ni dhaifu. Theluji ni neno lenye asili ya Kiarabu, na barafu lina asili ya Kiajemi, ambamo lina maana ya theluji. Yote mawili ni mali ya bahari ileile iliyoleta majahazi Mombasa. Zaidi ya hayo, mzizi wa Kiarabu uliozaa "baridi" ndio uliozaa pia *barad*, mvua ya mawe, neno ambalo katika Sura ya An-Nur, aya ya 43, limetajwa pamoja na milima iliyo mbinguni. Haifai kudai kwamba Bwana Kheri alikuwa na aya hiyo akilini. Inatosha kuonyesha kwamba neno lake halikuwa maskini kama lilivyofanywa, na kwamba asiyesema theluji si lazima awe hana neno. Huenda amechagua jingine.

5.0 Ubishi wa London

Habari zilipofika Ulaya zilipata mpinzani mkubwa, naye ni William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kufika Afrika ya Mashariki. Cooley alikuwa amekwisha kuutaja mlima huo katika makala yake ya mwaka 1845, kwa kutegemea vitabu vya zamani na maelezo ya watu, akiwemo Khamis bin Uthman, Mswahili aliyewahi kufika Uingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 aliikana theluji. Hoja yake iliyouma zaidi haikuhusu hali ya hewa ya ikweta bali lugha ya Rebmann: kwamba theluji ile ilikuwa utambuzi wa akili iliyojaa furaha, usiothibitishwa na hisi.

Cooley alikosea kuhusu mlima, ila kuhusu matini alikuwa na jicho. Alikiona kile kilichokwisha kuonyeshwa hapo juu, yaani kwamba baina ya dhana na yakini hamna hoja. Kicho kilichompa Rebmann uhakika ndicho kilichompa mpinzani wake mwanya. Jambo la kusikitisha ni kwamba wote wawili walilipita neno lilelile. Lingesemwa kwamba kiongozi, bila kuulizwa habari za theluji na bila kuwa na sababu ya kumpendeza mtu, aliutaja weupe ule kuwa baridi, ingekuwa vigumu kwa Cooley kuzungumzia hisi zisizothibitisha, kwa kuwa hisi ya mguso ilikuwa imethibitisha. Naye Cooley, aliyejenga ramani yake kwa masikizi kutoka kwa Mswahili mmoja, hakuona taabu kulipuuza neno la Mswahili mwingine.

Ubishi ulizimwa na watu waliopanda. Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro mwaka 1861 pamoja na Richard Thornton, akarudi mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten. Walipita kimo cha mita 4,000 na kunyeshewa na theluji. Mwaka 1871 Charles New wa misheni ya Ribe, akiwa na mtumishi wake Tofiki, alifika ukingo wa theluji na kuigusa kwa mikono yake. Kwa maneno mengine, Ulaya iliridhika ilipopata kutoka kwa Wazungu ushahidi wa aina ileile uliokuwamo katika neno la Bwana Kheri. Rebmann mwenyewe alibaki Afrika hadi mwaka 1875 na akapofuka kabla ya kurudi kwao, alikofariki mwaka 1876.

6.0 Majina ya Mlima

Krapf na Rebmann walikusanya majina ya mlima huo kwa bidii, na orodha yao inaunga mkono hoja hii kutoka upande mwingine. Waswahili wa pwani, walielezwa, waliuita Kilimanjaro, nalo lilifasiriwa kuwa mlima wa ukuu. Maana ya pili waliyoitaja ni mlima wa misafara. Fasiri ya kwanza ndiyo iliyopendwa, bila shaka kwa kuwa inalingana na kicho. Lakini "njaro" kwa maana ya ukuu haijulikani katika Kiswahili, ilhali "charo" kwa maana ya safari ni neno la kila siku katika lugha za Wamijikenda, ambao wamisionari hao waliishi kati yao huko Rabai. Mlima wa misafara ni jina la watu wanaotembea, wanaohitaji alama iliyo mbele yao siku baada ya siku. Wachaga kwa upande wao huwa na maelezo yao, yanayolihusisha jina na kitu kinachoshinda msafara. Nasaba ya neno haijafungwa, na haina haja ya kufungwa hapa. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba katika maelezo mawili kati ya hayo matatu mlima unapimwa kwa mwendo wa miguu. Tena lipo fumbo dogo ambalo wanafunzi wa mofolojia hulifurahia: mlima mrefu kuliko yote ya Afrika, wenye mita 5,895, umebeba kiambishi ki- cha udogo.

Majirani wengine waliutaja kwa weupe. Wakamba waliuita mlima mweupe, na Wamaasai pia, kila kabila kwa lugha yake. Hawa ni watu wanaouona kwa mbali, kutoka nyandani. Wachaga wanaoishi juu yake walikiita kilele chake Kibo, jina ambalo Rebmann alilifasiri moja kwa moja kuwa theluji. Weupe huo sasa umepungua sana. Sehemu ya barafu iliyokuwapo wakati wa vipimo vya mwaka 1912 ilikuwa imepotea kwa takribani asilimia 85 ilipofika mwaka 2007, na atazamaye kutoka Taveta leo haoni alichokiona Rebmann.

7.0 Mandhari katika Nathari ya Wasafiri Waswahili

Swali linalobaki ni iwapo Bwana Kheri angeandika safari ileile angeandika nini. Halijibiki kwa kubahatisha, lakini kuna matini za kulinganishia. Mkusanyo wa Carl Velten uitwao *Safari za Wasuaheli*, uliotoka mwaka 1901, una masimulizi ya wasafiri wa pwani waliokwenda bara, akiwemo Sleman bin Mwenye Chande. Katika masimulizi hayo mlima hauinuliwi macho ukatazamwa kwa ajili yake wenyewe. Nchi inatajwa kwa vituo vyake, maji yake, hongo inayotozwa, chakula kinachopatikana na mila za wenyeji. Msomaji aliyelelewa na vitabu vya Kizungu huona kwamba kuna kitu kimekosekana. Hukumu hiyo ina haraka. Masimulizi hayo yaliandikwa kwa kuombwa na Mjerumani, na waandishi walijua kwamba wanajibu haja ya mtu anayetaka kujua nchi. Ila pia wanaandika kwa desturi ya mtu wa msafara, ambaye kwake mandhari ni habari ya kesho: tutalala wapi, tutakunywa nini, nani yuko mbele. Neno "baridi" ni la desturi hiyo. Kwa kiongozi anayewajibika kwa uhai wa watu wake, jambo la kwanza la kusema kuhusu kilele ni lile litakalomwua anayekipanda.

Kicho nacho hakikukosa makao katika lugha. Kilikaa katika utenzi, katika dua na katika kauli za mdomo za kumtukuza Mungu zinazomtoka mtu aonapo jambo kubwa, kauli ambazo hazikuhesabiwa kuwa sehemu ya taarifa ya safari. Rebmann aliviweka viwili hivyo katika ukurasa mmoja, taarifa na dua, kwa kuwa shajara ya mmisionari ilimtaka avichanganye. Wasomaji wake wa Uingereza walichanga fedha ili wapate yote mawili. Ulinganishi wowote wa haki baina yake na wasafiri Waswahili lazima uanze na tofauti hiyo ya tanzu kabla ya kuzungumzia tofauti ya nyoyo.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaotaka kuiendeleza kazi hii, njia mbili ziko wazi. Ya kwanza ni kuyalinganisha matoleo ya 1849, 1858 na 1860 sentensi kwa sentensi, na kuangalia neno la kiongozi linavyoelezwa katika kila moja, kwa maana limepita katika Kijerumani na Kiingereza kabla ya kumrudia msomaji wa Kiswahili. Ya pili ni historia ya neno "theluji" lenyewe. Katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 limo katika Zaburi ya 51 na katika Isaya sura ya 1, mahali pote pawili kama kipimo cha weupe wa mtu aliyetakaswa dhambi. Wasomaji wengi wa bara walikutana nalo hapo, kama sitiari, kabla ya kukutana nalo katika kitabu cha jiografia, na baadhi yao waliishi mahali ambapo kitu chenyewe kilionekana mlangoni.

Katika mkusanyo huohuo wa Velten mna pia simulizi la Salim bin Abakari, mzaliwa wa Komoro, aliyesafiri na Mjerumani mmoja kupitia Urusi hadi Siberia mwaka 1896. Huyo ni mtu wa bahari ya Hindi aliyeingia katika nchi ambazo theluji ni habari ya kila nyumba, akaandika aliyoyaona kwa Kiswahili, wasomaji wake wakiwa watu wa joto. Kati ya matini zote za kipindi hicho, hiyo ndiyo inayostahili kuwekwa kando ya shajara ya 11 Mei 1848.